Usaili kwa simu: dakika chache, hasara ya miezi

Mnunuzi wa mahindi anapofika ghalani hategemei maneno ya muuzaji peke yake. Huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje, akaziangalia rangi, akazitafuna kujua kama zimekauka, ndipo akataja bei. Mwajiri anayemsaili mwombaji kazi kwa njia ya simu hana bambo. Haoni uso, haoni nguo, haoni vyeti. Alichonacho ni sauti tu, na kwa sauti hiyo ya dakika 15 au 20 huamua kama mtu huyo aitwe ofisini au jina lake likatwe.

Wapo waombaji wanaoichukulia simu hiyo kuwa mazungumzo mepesi ya kuanzia, wakiamini kwamba usaili wenyewe utafanyika baadaye. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye ujuzi wa kutosha hukwama mlangoni, si kwa kushindwa maswali, bali kwa betri iliyokwisha, kelele za barabarani au jibu la kwanza lililotoka kwa ukali.

Hasara hiyo si ya mwombaji peke yake. Mfanyabiashara anayepiga simu bila kujiandaa naye huweza kumwacha mtu hodari na kumchukua msemaji mzuri asiyejua kazi. Chukua mfano wa mwenye duka la jumla aliyeajiri mtunza stoo asiyeweza kufuatilia hesabu ya mzigo. Zikipotea katoni mbili tu kwa wiki, kila moja ikiwa na thamani ya shilingi 18,500, hasara ni shilingi 37,000 kwa wiki. Baada ya wiki 12 zimekwenda shilingi 444,000, na hapo mshahara wake haujahesabiwa.

KUTOKA SANDUKU LA POSTA

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, njia ya kawaida ya kuomba kazi nchini Tanzania ilikuwa barua iliyotumwa kwa sanduku la posta, na jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Simu ya mezani ilikuwa kitu cha ofisini na cha nyumba chache. Baada ya Shirika la Posta na Simu kugawanywa, Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) ilianza kazi mwaka 1994, na katika miaka hiyo hiyo simu za mkononi za kwanza zikaanza kutumika Dar es Salaam. Taratibu, namba ya simu ikawa jambo la lazima katika barua ya maombi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia watu kukusanyika na kusafiri katika nchi nyingi, makampuni yaliyokuwa bado yanasita nayo yakazoea kusaili kwa simu.

Kwa nchi yenye masafa marefu, faida yake ni dhahiri. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800 kwa barabara, na kutoka Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,100. Mwombaji anayeitwa kwa usaili wa nusu saa hulazimika kutafuta nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na chakula, mara nyingi kwa fedha za kukopa. Mwajiri anayepunguza orodha ya waombaji 20 hadi watano kwa simu amewaokoa 15 na gharama hiyo, naye ameokoa siku zake.

Hata hivyo, kitu cha bei nafuu huchezewa. Kwa kuwa simu haina nauli, pande zote mbili huiendea bila maandalizi.

"NANI MWENZANGU?"

Usaili huanza simu inapopokelewa, si swali la kwanza linapoulizwa. Namba ngeni inapoita, watu wengi wamezoea kupokea kwa "Nani mwenzangu?" au kukaa kimya wakingoja upande wa pili uanze. Kwa jamaa jambo hilo halina madhara. Kwa mwajiri anayepiga mara ya kwanza, linasikika kama mtu anayezuiwa mlangoni.

Mtu aliyepeleka maombi ya kazi anashauriwa, kuanzia siku hiyo, kupokea kila namba asiyoifahamu kwa utulivu na kutaja jina lake: "Haloo, habari za asubuhi, hapa ni," kisha jina. Mpigaji hana haja tena ya kuuliza kama amempata anayemtafuta, na mazungumzo yanaanza vizuri.

Yapo mambo mengine madogo yanayotangulia sauti ya mwombaji. La kwanza ni wimbo wa kusubiria. Wapo waliojiunga na huduma hiyo miaka iliyopita na kuisahau, na mwajiri akipiga husikia nyimbo za mapenzi au vichekesho kabla ya kusikia "haloo". Ni vizuri kuuondoa wakati wa kutafuta kazi. La pili ni namba yenyewe. Wenye laini mbili huandika moja katika wasifu na kutembea na nyingine, au namba waliyoandika ikawa ya mjomba au jirani. Kama ni namba ya mtu mwingine, mtu huyo aelezwe mapema kwamba simu ya kazi inaweza kuja, na aombwe kuandika jina na namba ya aliyepiga.

La tatu ni simu iliyokosa kupokelewa. Mwombaji akikuta namba ngeni imepiga, inafaa apige mwenyewe kwa salio lake, ajitambulishe na kueleza kwamba alikuta simu hiyo. Kumbipu mwajiri ni kumtaka alipie mazungumzo ya mtu anayemwomba kazi, na si wengi watakaoifurahia hesabu hiyo.

SALAMU BILA KUONANA

Kwa Waswahili salamu ni nusu ya mazungumzo, na hapo simu huleta mtihani wa pekee. Ana kwa ana, kijana humtazama mtu na kujua kama anastahili shikamoo. Kwenye simu haoni mvi. Akimwamkia shikamoo ofisa mwenye umri wa miaka 25, wote wawili huona haya. Akimnyima mtu wa makamo, huonekana hana adabu.

Njia iliyo salama ni salamu ya wakati: habari za asubuhi, za mchana au za jioni. Ikiwa sauti inaonyesha wazi kuwa ni ya mtu mzima, shikamoo moja haina kosa, na baada ya marahaba mambo yaendelee. Mpigaji akianza kwa "asalaam aleikum", kama ilivyo kawaida Zanzibar na sehemu nyingi za pwani, aitikiwe kwa heshima hiyo hiyo. Mzunguko mmoja wa salamu unatosha. Habari za nyumbani, za watoto na za mvua zinaweza kungoja siku ya kukutana.

Katika kuitana, majina ya mitaani kama "bosi", "mkuu", "kaka" na "dada" hayafai kwa mtu ambaye mwombaji hajawahi kumwona. "Bwana" au "Bibi" likifuatwa na jina alilolitaja mpigaji linatosha. Kama jina halikusikika vizuri, liulizwe mara moja, liandikwe, litumike. Mwombaji anayemaliza usaili bila kujua aliongea na nani hataweza hata kushukuru baadaye.

Kuna adabu nyingine inayosahaulika. Watu wanapoonana, anayesikiliza hutikisa kichwa na msemaji akaendelea. Kwenye simu kichwa hakionekani. Ukimya mrefu humfanya mpigaji aulize, "Upo?" Maneno mafupi kama "naam" na "ndiyo" yanatosha kuonyesha kwamba mtu anasikiliza, mradi yasikatishe maneno ya mwenzake. Na kwa kuwa sauti hufika kwa kuchelewa kidogo kwenye baadhi ya simu, ni vyema kuhesabu moja, mbili kabla ya kujibu ili watu wawili wasiongee kwa pamoja.

MAHALI, CHAJI NA MVUA

Simu ya usaili ikija ghafla wakati mtu yuko ndani ya daladala au katikati ya soko, si kosa kuomba muda. Kosa ni kulazimisha mazungumzo katika kelele. Mwombaji anaweza kusema: "Nashukuru kwa simu yako. Hapa nilipo pana kelele na ningependa kukusikia vizuri. Je, naweza kukupigia baada ya dakika 20?" Akishataja dakika 20, zisiwe 40.

Usaili uliopangwa hauna udhuru huo. Simu ijazwe chaji usiku wa kuamkia siku yenyewe, maana umeme huweza kukatika asubuhi. Salio liwepo, hata kama mwajiri ndiye atakayepiga, kwani simu ikikatika mwombaji aweze kupiga. Mtandao upimwe mapema katika kona ileile atakayokaa. Wenye nyumba ya bati wakumbuke kwamba wakati wa masika mvua ikipiga juu ya paa hakuna sauti itakayosikika, na chumba chenye dari, au ofisi ya jamaa, iombwe mapema. Wa nyumbani waelezwe saa ya simu, redio na televisheni zizimwe, na watoto wapate wa kuwaangalia.

Saa nayo itamkwe waziwazi. Saa tatu asubuhi kwa Kiswahili ni saa tisa kwa kuhesabu kwa Kiingereza, na ofisi zinazochanganya lugha mbili huwachanganya watu. Ujumbe ukisema "saa 9:00", mwombaji aulize kama ni asubuhi au alasiri. Swali hilo halimwaibishi mtu. Kukosa simu ndiko kunakoaibisha.

Inashauriwa pia kukaa kwenye kiti na meza, au kusimama, na si kujilaza kitandani. Sauti ya mtu aliyelala hujulikana. Kutafuna, kunywa chai na kuandikia wengine ujumbe wakati wa mazungumzo husikika zaidi kuliko watu wanavyodhani.

KARATASI MEZANI

Usaili wa simu una faida moja ambayo wa ana kwa ana hauna: mwombaji anaweza kuwa na karatasi zake mbele yake bila kuonekana. Mezani pawepo tangazo la kazi, nakala ya barua aliyoipeleka, wasifu wenye tarehe sahihi, kalamu na karatasi tupu. Mtu aliyeandika kwamba alifanya kazi kuanzia Machi 2019 hadi Juni 2022 asiseme kwenye simu kwamba alifanya "kama miaka miwili hivi". Mwajiri ana wasifu huo mkononi, na tofauti hiyo ataiandika pembeni.

Hata hivyo, karatasi ni za kukumbushia, si za kusoma. Majibu yaliyoandikwa kwa urefu na kusomwa hutambulika kwa mwendo wake. Inatosha kuandika maneno machache: kazi tatu zilizofanywa vizuri, kila moja na namba yake. "Nilikuwa nikipokea mzigo wa magari mawili kwa siku na kuhakiki ankara zake" ni jibu zito kuliko "mimi ni mchapakazi na ninajituma".

Kuijua kampuni nako ni sehemu ya maandalizi. Kama kampuni imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo ya hisa mwezi Aprili 1998, hesabu zake hutangazwa kwa umma. Wawekezaji wadogo huzisoma kutafuta gawio. Mwombaji anaweza kuzisoma kujua kampuni inauza nini, inapata faida au hasara, na imepanga kufungua tawi wapi. Kwa biashara ndogo isiyotangaza hesabu, kutembelea duka lake siku moja kabla, au kumuuliza mteja wake, hufundisha mengi.

Lugha nayo iandaliwe. Si ajabu usaili ukaanza kwa Kiswahili na ghafla swali likaja kwa Kiingereza. Mwombaji ajizoeze kueleza kazi yake kwa lugha zote mbili mbele ya mtu mwingine, kwa sauti, mara mbili tatu. Asipolielewa swali, aombe lirudiwe. Kujibu swali ambalo halikuulizwa ni hasara kubwa zaidi.

SWALI LA BEI

Mara nyingi simu haiishi bila swali la mshahara. Wapo wanaojibu "chochote tu", na wapo wanaotaja kiasi bila kujua uzito wa mzigo. Wafanyabiashara wanajua kwamba majibu yote mawili ni mabaya. Muuzaji asiyetaja bei hudharauliwa, na anayetaja kabla ya kujua ujazo hujuta.

Njia ya adabu ni kuuliza kwanza: kazi iko wapi, saa ngapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki, kuna usafiri au hakuna, na kiasi kinachozungumzwa ni kabla au baada ya makato. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku. Mchango wa mfanyakazi katika NSSF kwa kawaida ni asilimia 10 ya mshahara. Kwa hiyo anayekubali shilingi 500,000 ajue kwamba 50,000 zitaondoka kwa mchango huo, na kodi bado. Akishayajua hayo, ataje kiwango chenye chini na juu yake, kwa sauti ya kawaida, kisha anyamaze angoje jibu.

WAJIBU WA ANAYEPIGA

Mwajiri naye ana adabu zake. Kwanza, atume ujumbe siku moja kabla kueleza jina lake, jina la biashara, kazi inayohusika na saa ya simu. Akipiga, ajitambulishe yeye kwanza. Kumpigia mtu na kumuuliza "Wewe nani?" ni kinyume cha utaratibu. Kisha aulize kama wakati huo unafaa.

Pili, aandike maswali matano au sita na kuwauliza waombaji wote yaleyale, akiweka alama kwa kila jibu. Bila hivyo, atakayeshinda ni mwenye sauti tamu. Kwa mtunza stoo, swali moja la hesabu linatosha kuonyesha mengi: zimeingia katoni 40 za shilingi 18,500 kila moja, 27 zimeuzwa kwa fedha taslimu, tatu zimeharibika. Ngapi nzima zimebaki, na fedha iliyoko ni kiasi gani? Jibu ni katoni 10 na shilingi 499,500. Anayeuliza kama zile tatu zimeandikiwa hati ya mzigo ulioharibika amejibu zaidi ya alichoulizwa, na huyo aandikwe jina.

Tatu, yapo maswali yasiyopaswa kuulizwa. Sheria hiyo ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, na inamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na maambukizi ya VVU si vigezo vya kumnyima mtu kazi. Mwenye duka anayemuuliza binti kwenye simu kama ana mpango wa kuolewa anajitafutia kesi. Akitaka kurekodi mazungumzo, amweleze mwombaji kwanza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipotungwa, taarifa za mtu si mali ya kukusanywa kiholela.

Nne, simu ni chekeche, si mizani. Mtu atakayeshika fedha au funguo za ghala hafai kuajiriwa kwa simu peke yake. Aitwe, aonwe, vyeti vihakikiwe na wadhamini wapigiwe.

SIMU ZA WALAGHAI

Pengo la kutoonana limewapa nafasi matapeli. Mtu hupigiwa simu, akapongezwa kwa kazi ambayo pengine hata hakuiomba, kisha akaambiwa atume fedha za fomu, za kupima afya au za sare kabla nafasi haijachukuliwa na mwingine. Dalili ni mbili: haraka na malipo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada. Kwa kazi za serikali, Sekretarieti ya Ajira hutangaza wanaoitwa kwenye usaili kwa maandishi katika tovuti yake.

Anayetiliwa shaka aulizwe jina kamili, jina la kampuni na namba ya ofisi, kisha ofisi hiyo ipigiwe kwa namba iliyopatikana kwingine, si ile aliyoitoa yeye. Mwajiri wa kweli hatachukia. Ujumbe wa kitapeli unaweza kupelekwa kwa namba 15040 iliyowekwa kwa ajili hiyo.

BAADA YA KUKATA

Mwisho wa mazungumzo, mwombaji aulize hatua inayofuata ni ipi na jibu litatoka lini, ashukuru, na kumwacha mpigaji akate kwanza. Siku hiyo hiyo atume ujumbe mfupi wa shukrani wenye jina lake kamili na kazi aliyoiomba. Akiahidiwa jibu Ijumaa, asipige Jumatano. Ijumaa ikipita kimya, Jumatatu apige mara moja.

Mwajiri kwa upande wake asiseme "tutakupigia" kama hana nia hiyo. Ujumbe wa mstari mmoja wa kumjulisha mtu kwamba hakuchaguliwa hugharimu senti chache, na aliyekataliwa kwa heshima leo anaweza kuwa mteja kesho.

Yote yaliyokubaliwa kwa mdomo yawekwe kwenye maandishi. Sheria inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi anapoanza kazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na malipo. Mwombaji aliyeandika katika karatasi yake kile alichoahidiwa kwenye simu atakuwa na cha kulinganisha siku atakapoletewa mkataba autie saini.